Nyekundu Iliyogoma Kusogea

Ukuta wa wodi ya wazazi ulitakiwa uwe na rangi ya maziwa. Ulipokauka, ukawa na rangi ya ufizi.

Muuguzi mkuu wa zahanati alipiga simu kiwandani asubuhi na mapema, na hakuuma maneno. "Si waridi, si chungwa. Ni ufizi, tena ufizi wenye afya! Wagonjwa wangu wanajifungulia ndani ya mdomo wa mtu!"

Shangazi aliposimuliwa hayo alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akamwona mkwe wao, yule ambaye kiwanda kizima kilimwita Bi Kufuli, amesimama kando ya meza ya kompyuta, mkoba begani, macho mekundu. Kicheko kikamkauka.

Mambo yalikuwa hivi. Kiwanda cha rangi kilikuwa cha mdogo wake Shangazi, Mzee Brashi, aliyekianzisha kwa pipa moja na mwiko. Mwaka huu Bi Kufuli, mke wa mwanawe, alimtengenezea jedwali la kompyuta: unaandika mteja anataka ndoo ngapi, fomula zinapiga hesabu zenyewe. Nyeupe kiasi hiki, manjano kiasi hiki, nyekundu chembe tu. Fomula zote alizifunga kwa neno la siri, mkono wa mtu usije ukazichokoa. Neno hilo alilijua yeye peke yake, na ndilo lililompa jina. Sasa jedwali limeharibika, rangi imeharibika, na mwenye ufunguo ni mmoja.

"Dada, mimi sina ugomvi na mkwe wangu," alisema Mzee Brashi, mikono nyuma, tumbo mbele. "Lakini mlango haujavunjwa. Aliyeingia ana ufunguo. Sijui amefanya kwa hasira au kwa nini. King'ora cha jioni kikilia, ofisi naikabidhi kwa Tai wa mauzo. Mkwe wangu akapumzike nyumbani."

"Baba, sikugusa," Bi Kufuli alisema. "Nikitoka hapa leo na jina la mharibifu, nani atanipa tena hata kalamu nishike?"

Shangazi alimtazama mdogo wake tangu kichwani mpaka viatuni, kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa na miaka saba na sukari mdomoni.

"Aliyeniita hapa ni wewe?"

"Ni mwanangu, kutoka safarini. Ana wasiwasi na mkewe."

"Basi leo nafanya kazi ya mwanao. Wewe nipishe njia mpaka king'ora."

Shangazi alistaafu upelelezi, ila viatu vya kazi hakuvitupa. Hakutupa pia mazoea ya kubeba pakiti ya pipi za tangawizi. Kila aliyemhoji alimpa moja kwanza, kwa maana, alivyozoea kusema, mwenye pipi mdomoni hadanganyi upesi. Akiharakisha atajing'ata ulimi.

Pipi ya kwanza ilikuwa ya Kijiko, mchanganyaji wa rangi. Alimkuta kwenye banda la kuchanganyia, amevaa aproni yenye madoa ya kila oda iliyowahi kupita. Nyuma yake ukutani kulikuwa na maneno makubwa, yaliyoandikwa kwa mkono wa Mzee Brashi mwenyewe: GUSA KABLA YA KUTAJA.

"Hiyo ni sala au onyo?" Shangazi aliuliza.

"Ni sheria mama, Shangazi. Makopo haya yakishachuruzikiwa, jina halisomeki. Zamani kuna mtu alisoma jina la kopo hili akamwaga la jirani yake, shule nzima ikawa kijani. Tangu siku hiyo, humwagi kitu mpaka ukiguse kwa kidole na ukitaje kwa sauti. Mzee ndiye aliyeitunga. Hata chai yake anaigusa kwanza."

"Juzi uligusa?"

"Naapa! Nyeupe, nikagusa. Manjano, nikagusa. Nyekundu, nikagusa. Nikamwaga kama skrini ile ilivyoniambia." Akaonyesha kwa kidevu kioo kilichotundikwa juu ya mizani, ambako jedwali la ofisini huonekana. "Nyekundu vijiko ishirini."

"Kwa ndoo ngapi za zahanati?"

"Kumi."

"Na wewe mtu mzima, kazi umeizeekea, hukushtuka?"

Kijiko alihamisha pipi kutoka shavu moja kwenda jingine. "Nilishtuka, nikamwita Mzee. Akaja, akagusa kioo, akaniambia jedwali halikosei, nisibishane na kompyuta. Ningemwambia nini? Nikamwaga."

"Mara ya mwisho kumwaga vijiko ishirini ilikuwa lini?"

"Ile oda ya chuo, wiki iliyopita. Ndoo mia, rangi hiihii ya maziwa." Akainua macho kwenye kioo. "Ala! Ishirini ileile."

Shangazi alimwongezea pipi ya pili, akatoka nje akipiga mluzi. Wachanganyaji wakatazamana. Walikuwa hawajawahi kumsikia bibi mzima akipiga mluzi bandani.

Ofisini alivuta kiti, akaketi nyuma ya Bi Kufuli. Hakutazama kioo cha kompyuta. Alikitega kiti mahali pa kumwona usoni.

"Mwanangu, mimi na kompyuta tunasalimiana kwa mbali tu. Nionyeshe polepole. Andika ndoo kumi."

Bi Kufuli akaandika. Namba zikajipanga.

"Andika mia."

Nyeupe ikapanda. Manjano ikapanda. Nyekundu ikabaki ishirini.

"Andika ndoo moja."

Nyeupe ikashuka, manjano ikashuka. Nyekundu ishirini, imejikita kama mgeni asiyeaga.

"Imegoma kusogea," Shangazi akasema.

Bi Kufuli akainamia kioo. "Fomula haipo! Kisanduku hiki kilikuwa na fomula, sasa kina namba tupu. Mtu ameifuta, akaandika ishirini kwa mkono."

"Vingine je? Jaribu kuandika kwenye nyeupe."

"Haitakubali, Shangazi. Nimefunga. Ukiandika inakuonya na kukufukuza." Akabonyeza herufi moja kumthibitishia. Kompyuta ikaipokea bila kinyongo. Bi Kufuli akaruka kitini. "Weee! Kufuli halipo! Kufuli lenyewe limeondoka!"

Shangazi alikuwa ameona wezi wengi wakishangaa. Mwizi hushangaa vizuri, kwa mpangilio, mkono kifuani. Huyu alishangaa vibaya, akagonga goti mezani na kuangusha kikombe cha kalamu. Shangazi akaliweka hilo akiba.

"Kuna pahala panapoonyesha nani alilishika faili hili mwisho?"

Hapo binti akasita. "Papo. Ndipo Baba alipoonyeshwa na Tai asubuhi, ndipo aliponikasirikia." Akafungua. Pameandikwa kwamba aliyehifadhi mwisho anaitwa Ofisi, na siku ni Jumapili, mchana.

"Ofisi ni nani?"

"Ni mimi." Sauti ilikuwa ndogo. "Ndilo jina langu humu."

"Na Jumapili mchana Bi Ofisi alikuwa wapi?"

"Shangazi, si tulikuwa wote? Kwa Baba, jikoni. Ulinikaripia kwamba nakata vitunguu vinene. Baba nilimkumbusha, akasema kompyuta haikosei."

"Nilikukaripia. Na vilikuwa vinene kweli." Shangazi akasimama, akajinyoosha mgongo. "Basi umshukuru Mungu kwa vitunguu, maana ndivyo mashahidi wako. Mikono yako ilikuwa inanuka vitunguu mbele ya macho yangu, na jina lako lilikuwa huku linaharibu rangi. Kuna mtu mwingine anayeitwa Ofisi. Huwa nani anakikalia kiti hiki ukitoka?"

"Tai," binti akasema. "Fundi wa mashine amemwona hapa mara mbili, wakati wa chakula. Nikirudi anaruka kama paka aliyekutwa na samaki."

Tai alikuwa afisa mauzo. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata siku ile bomba lilipopasuka na watu wote wakavua mashati. Naye ndiye angekabidhiwa ofisi jioni. Mwenye kufaidika na msiba huulizwa mapema, kwa hiyo Shangazi alimpa pipi na hakumpa kiti.

"Unafanya nini kwenye kompyuta ya mke wa watu?"

"Mimi? Naangalia... naangalia oda."

"Oda zipo kwenye kompyuta yako. Hiyo uliyoikumbatia kifuani ni ya nini?"

Tai akameza pipi nzima. Macho yakamtoka, akakohoa, akapigwa mgongoni. Alipopata pumzi, ukweli ulitoka pamoja nayo. "Video, Shangazi. Kioo cha Bi Kufuli ni kikubwa. Kuna mafundo mapya ya tai, kuna moja linakunjwa mara tano, kwenye kioo kidogo silioni vizuri. Naposa mwezi ujao. Ukweni sitaki kwenda na fundo la kila siku!"

Bi Kufuli aliyekuwa mlangoni akageuza uso, mabega yakimtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka siku hiyo.

"Na Jumapili mchana?"

"Nilikuwa refa. Mechi ya mtaani. Uliza timu zote mbili, zote zilinitukana."

"Ulikuwa na tai?"

"Sasa Shangazi, na wewe!"

Shangazi hakuamini tu. Alipiga simu kwa nahodha wa timu moja, ambaye alithibitisha kwa matusi mapya. Tai akafutwa kwenye orodha ya washukiwa. Lakini alibakiwa na kazi moja: kompyuta yake iliazimwa.

Bi Kufuli alitoa kwenye mkoba flashi aliyohifadhia nakala safi ya jedwali, ileile aliyoifunga kwa mkono wake. Wakaifungua kwenye kompyuta ya ofisini. Akagusa nyekundu, akaonywa, akafukuzwa. Wakaifungua kwenye kompyuta ya Tai. Akaonywa, akafukuzwa.

"Kufuli ni zima," Shangazi akasema. "Mlango ni mzima. Na mtu kaingia. Mwanangu, kazini kwetu tukikuta hivyo, tuliacha kuuliza nani ana ufunguo. Tuliuliza, je, ni nyumba ileile?"

"Sijakuelewa, Shangazi."

"Hata mimi bado. Mpigie mumeo, maana mashine hizi aliziunganisha yeye. Muulize jina la Ofisi alilipandikiza wapi na wapi."

Mume alipokea akiwa barabarani, upepo ukivuma simuni. Akahesabu: kompyuta ya ofisini, kioo cha bandani, halafu basi. Kisha akajisahihisha, "Ee, na kishikwambi cha Baba. Kile nilichompa zawadi, awe anasoma jedwali akiwa nyumbani. Lakini Baba anatazama tu, hagusi kitu."

"Hagusi?" Shangazi akauliza.

Akakata simu kabla hajajibiwa. Alikuwa amekumbuka baraza la nyumbani kwa mdogo wake, Jumapili mchana, na Mzee Brashi kwenye kiti cha uvivu, miwani puani, kitu kinang'aa mapajani. Alikuwa akinung'unika peke yake mpaka alipoitwa mezani. Kikulacho ki nguoni mwako, Shangazi alijiambia. Ila kukumbuka si ushahidi. Ushahidi hutendwa mbele ya macho.

Alimkuta Mzee Brashi chumbani kwake, akisubiri king'ora. Nakala safi, yenye ndoo mia za chuo, ilikuwa imekwisha kutumwa kwenye kishikwambi. Bi Kufuli alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

"Mdogo wangu, nimechoka," Shangazi akasema, akijitupa kitini. "Hebu nisomee ile oda ya chuo, macho yangu hayaoni."

Mzee Brashi hakuhitaji kubembelezwa. Alikitoa kishikwambi kwenye mfuko wake wa ngozi kwa heshima kubwa, akakifuta kwa shati, akafungua jedwali. Kabla halijatokea, maneno yakajaza kioo. Shangazi, ambaye macho yake yalikuwa hayajambo kabisa, aliyasoma yote: faili hili limetengenezwa kwa programu nyingine, litageuzwa ili lifunguke hapa, baadhi ya mambo huenda yasihifadhiwe, je, uendelee?

Mzee Brashi akabonyeza ENDELEA kama mtu anayefukuza nzi.

"Umesoma hayo?"

"Husema hivyohivyo kila siku. Ukilibonyeza hilo kubwa, yanaondoka." Akainua kidole. "Haya. Nyeupe." Akaigusa nyeupe. "Manjano." Akaigusa manjano. "Nyekundu." Akagusa, na kwa vile alitaka dada yake aone vizuri, akagusa tena.

Ile namba ikayeyuka. Mahali pake pakatokea mstari wa herufi, alama na mabano.

"Unaona!" Mzee Brashi akapaza sauti, ameridhika. "Uchafu! Huu ndio uchafu ninaousema. Namba nzuri inakaa, ukiigusa inatoa takataka. Jumapili nilisafisha, leo umerudi tena!"

"Unasafishaje, mdogo wangu?"

"Rahisi tu. Unafuta, unaandika namba uliyoiona." Akafuta. Akaandika ishirini, kwa kidole kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayetia saini. Hakuonywa. Hakufukuzwa. "Jumapili nilikusudia kupitia vyote, nikaitwa kula, nikasafisha hiki kimoja tu. Nikahifadhi, kikaenda ofisini."

Bi Kufuli alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Shangazi akafungua pakiti, akatoa pipi, akamwekea mdogo wake kiganjani. Mzee Brashi akaitazama. Alijua maana yake. Aliijua tangu dada yake alipokuwa askari mpya.

"Ya nini hii?"

"Mwambie, mwanangu," Shangazi akasema.

Bi Kufuli akaingia, akapiga goti kidogo kwa adabu. "Baba, huo si uchafu. Ndiyo fomula. Namba unayoiona juu ni jibu lake. Ukigusa mara mbili inakuonyesha hesabu yenyewe."

"Lakini si ulifunga?"

"Nilifunga, Baba, kwa programu ya ofisini. Programu ya kishikwambi ni nyingine. Ikilipokea faili inalijenga upya kwa namna yake, na hii haikulibeba kufuli letu. Ukihifadhi, faili linarudi ofisini bila kufuli, kwa jina la Ofisi. Namba ilikuwa sahihi siku ile, kwa ndoo mia za chuo. Zilipokuja kumi za zahanati, wenzake wakapungua, yenyewe haina tena cha kuiambia ipungue." Akainama. "Na kosa langu lipo. Nilipima kufuli kwenye mashine moja tu, nikaridhika."

Mzee Brashi aliirudia kwa midomo bila sauti. Ndoo mia. Ndoo kumi. Ishirini. Akakumbuka bandani, kidole chake juu ya kioo, akimwambia Kijiko asibishane na kompyuta. Masikio yakaanza kumwiva.

King'ora kikalia.

Jioni wafanyakazi wote hukutana bandani kurudisha aproni. Siku hiyo walikawia makusudi, maana habari ilikuwa imewafikia kwamba ofisi inabadilisha mkono. Tai alikuwa mbele, fundo la mara tano limekaa upande. Mzee Brashi akaingia na ufunguo, Shangazi nyuma yake, Bi Kufuli nyuma kabisa na mkoba wake.

"Jamani," Mzee Brashi akaanza, "kuhusu jedwali, tumechunguza, ikaonekana kwamba kulitokea, ee, hitilafu ya kimtandao..."

"Mdogo wangu," Shangazi akamkatiza, taratibu. "Maneno yale ukutani aliandika nani?"

Wote wakageuka kutazama, kana kwamba hawayajui.

"Mimi."

"Yanasemaje?"

"Gusa kabla ya kutaja."

"Leo asubuhi ulimtaja mtu hujagusa. Haya, sasa fanya kama ulivyoandika. Aliyeharibu rangi ya zahanati, mguse, ndipo umtaje."

Kijiko akaacha kutafuna. Mzee Brashi alikitazama kidole chake, kidole kilichogusa makopo maisha yake yote. Akakiinua. Tai akarudi nyuma hatua moja, asije akaguswa kwa bahati mbaya. Kidole kikazunguka hewani, kikarudi, kikatua kwenye kifungo cha shati lake mwenyewe.

"Mimi," akataja.

Aliyecheka kwanza ni Kijiko, akaficha uso kwa aproni. Kisha banda zima likalipuka, na Mzee Brashi mwenyewe, baada ya kujaribu kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kesho atakwenda zahanati kupaka ukuta ule kwa mkono wake, na muuguzi amseme atakavyo. Kisha akamgeukia mkwe wake, na hapo kicheko kikaisha.

"Nilikutia doa bure, mwanangu. Nisamehe." Akaugusa ufunguo. "Ufunguo wa ofisi." Akagusa kiganja cha Bi Kufuli, akauweka pale. "Wa mkwe wangu."

Bi Kufuli alifumba kiganja. Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta, akateremsha mkoba begani na kuutundika kwenye msumari wa aproni kama mtu aliyefika. Akanyoosha mkono wa pili.

"Na kishikwambi, Baba."

Mzee Brashi akakikumbatia. "Hiki ni changu! Alinipa mwanangu!"

"Nitakurudishia kesho. Ila kuanzia kesho faili lenyewe halitoki ofisini. Anayehitaji kusoma nitampelekea ukurasa wa kusoma tu, wenye namba na bila fomula. Wewe, Tai, kila mtu."

Mzee Brashi akafikiri, kidole kikipapasa mfuko wa ngozi. "Nitaweza kuugusa?"

"Gusa mpaka kidole kichoke, Baba," Bi Kufuli akasema, akikipokea. "Hakuna kitakachosogea."